Keria ya Jeanine

Mtu akiniuliza Evariste ni mtu wa namna gani, humwambia: ni mtu anayeweza kusimama mbele ya fungu la nyanya mpaka zile mbichi zikaiva. Nimemwona kwa macho yangu pale sokoni Kashikishi. Anageuza nyanya moja, anairudisha, anachukua nyingine, mama muuzaji ameshika kiuno na kumtolea macho, na yeye wala hana habari. Mimi sina subira hiyo. Kazi yangu ni moto, na moto haungoji mtu aamue. Labda ndiyo maana tulipatana, na labda ndiyo maana nilimharibia maisha.

Jina langu ni Hénoc. Nilijifunza kuchomelea vyuma Lubumbashi, nikahamia upande huu wa Zambia mwaka wa tisini na moja, mwaka ule wa uporaji. Karakana yangu iko kando ya lami, kati ya soko la Kashikishi na ofisi za serikali za Nchelenge: bati nne juu, pipa la mawe ya kabaidi linalotoa gesi kwa harufu mbaya, na rundo la nondo. Wateja wangu karibu wote ni wabeba samaki. Hapa kwetu baiskeli mpya haipandwi. Inatoka dukani ikiwa bado na makaratasi, inasukumwa mpaka kwangu, nami naiongezea mifupa: nondo mbili kwenye foku, mbili nyuma, kisha keria pana ya kubeba magunia ya samaki wakavu hadi Kawambwa. Baiskeli ambayo haijapita motoni ni ya mwalimu au ya padri. Hivyo ndivyo tulivyoamini sote, na mimi niliamini kuliko wote, maana ndiyo iliyonilisha.

Evariste alikuwa mbeba samaki. Alizaliwa Pweto, ng'ambo, kwenye kichwa cha ziwa. Mrefu, mkavu, mpole mpaka anaudhi. Mkewe Jeanine alibaki Pweto kwa mama yake, kwa sababu mguu wake wa kulia haukunjiki. Ni tangu utotoni; alipata homa, homa ikaondoka, mguu ukabaki umenyooka kama mpini wa jembe. Anatembea, lakini si mbali. Evariste alikuwa akimjengea nyumba Kashikishi. Nyumba ya vyumba viwili ilimchukua miaka minne, si kwa kukosa matofali, bali kwa kufikiri. Mlango aliubomoa mara mbili ili uwe mpana. Kizingiti alikiondoa. Chooni alijenga kiti cha matofali, jambo ambalo majirani walilicheka hadi machozi. Nilimwambia amlete mke kwanza, mlango utafuata. Akasema mwezi wa nane mwaka wa tisini na nane, jua likiwa bado kali, ndipo atamvusha. Mwezi wa nane ule vita vilianza kwetu, na baada ya muda askari wakazuia mitumbwi ziwani.

Miezi saba hakupata habari yoyote. Aliendelea kubeba samaki, na katika miezi mitatu ya kufunga uvuvi alibeba mihogo. Jioni alikaa kwenye kile kiti cha matofali chooni, mlango wazi, kwa sababu, alisema, ndipo mahali pekee pa kukaa alipopajenga sawasawa. Nilicheka. Yeye hakuwa anatania.

Habari ilikuja Jumatano moja, mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tisa. Aliileta Suzanne, mama mfanyabiashara wa vitenge anayezunguka ziwa. Alifika karakanani kwangu akiwa na matope hadi magotini, Evariste akiwepo.

"Evariste, bibi yako iko muzima," alisema kabla hata ya kukaa. "Nilimuona na macho yangu. Balimuvusha na pusupusu ya gurudumu moya, banamusukuma kama gunia ya mukaa. Iko ku kanisa moja, mbele kidogo ya Chienge, pamoya na batu bengine."

Evariste alitafuta pa kushika, akashika pipa langu la kabaidi.

"Lakini sikia muzuri," Suzanne aliendelea. "Ijumaa ingine, hapana hii inakuya, ile ya nyuma yake, malori itatoka upande wa Kaputa. Itababeba bote ku kambi. Kambi iko mbali, ata jina yake sijue."

Siku tisa, basi. Mvua ilikuwa imekata barabara mbele ya Mununga, gari lolote halikupita kutoka upande wetu. Mitumbwi ilikatazwa. Kwa miguu ni siku nne, na kwa baiskeli, kwa mtu mwenye mapafu kama ya Evariste, ni siku mbili. Nilimwambia angeweza kuondoka kesho yake kwa miguu akafika mapema.

"Kama ninaenda na miguu, nitaikala naye ku kambi," alinijibu. "Kama ninaenda na kinga, nitamuleta ku nyumba."

Kinga ndiyo baiskeli, kwa lugha yetu. Na yake ilikuwa imekufa wiki moja kabla. Kulikuwa na wazungu wawili, marafiki, waliokuja kwa baiskeli kutoka kusini kabisa mwa Afrika, wakitaka kuzunguka ziwa letu hadi Tanganyika. Mmoja aliangushwa na malaria barabarani. Evariste alimkuta, akashusha mihogo yake yote majanini, akampakia mzungu kwenye keria na kumkimbiza hospitali ya misheni. Mbele ya lango walikanyaga shimo, na foku ikavunjika, na fremu ikapinda nayo. Mzungu alipona. Baiskeli haikupona. Kuazima ya mtu mwingine haikuwezekana: uvuvi ulikuwa umefunguliwa tarehe moja, samaki wamejaa, na katika wiki za kwanza baada ya kufunguliwa hakuna mtu Kashikishi anayeachia baiskeli yake hata kwa mazishi.

Basi ona bahati ilivyocheza naye. Alhamisi, siku moja tu baada ya Suzanne, Goodson alimwita. Goodson ndiye mwenye nyumba ya wageni walikolala wale wazungu. Walikuwa wanarudi Lusaka kwa basi ili wapande ndege, safari imewashinda, na hawakutaka kubeba baiskeli. Mmoja alikuwa amebebwa na Evariste, mwenzake Goodson alikuwa amempikia uji wiki nzima, basi waliwaachia wao wawili, kila mtu moja. Goodson aliongea Kiswahili cha sokoni, akikichanganya na Kibemba chake.

"Wewe chagua moya," alimwambia Evariste. "Ingine itabakia yangu. Lakini fanya bwangu, mune. Bwangu bwangu."

Kumwambia Evariste afanye haraka ni kupoteza mate.

Baiskeli zenyewe nilizikagua Ijumaa. Hazikufanana hata kidogo. Ya kwanza ilikuwa ya kijani, ndefu, nzito kidogo, matairi membamba, usukani umepinda kama pembe za kondoo, na ilikuwa na keria mbili za chuma, mbele na nyuma, zilizofungwa kwa skrubu toka kiwandani. Ya pili ilikuwa nyekundu, matairi manene yenye meno, gia nyingi, usukani umenyooka, na haina keria wala mahali pa kuweka keria. Mzigo wake ulikaa kwenye vifuko virefu vilivyofungwa kwa mikanda katikati ya fremu na chini ya kiti. Goodson alisema wale wazungu walibishana juu ya baiskeli hizo safari nzima. Wa kijani alisema msafiri ni mzigo, na mzigo ni keria. Wa nyekundu alisema msafiri ni njia, na njia ni matairi. Kutoka Cape Town hadi Nchelenge hawakumaliza ubishi, na ubishi huo sasa walikuwa wamemwachia Evariste.

Kwake haukuwa ubishi wa kupitisha muda. Ya kijani ingempa kazi: lami hadi Kawambwa, magunia nyuma na mbele, miaka kumi ya kula. Ya nyekundu ingempitisha kwenye mchanga wa Mununga na matope ya Chienge. Lakini Jeanine angekaa wapi? Ijumaa alifikiri. Jumamosi alizipeleka zote mbili ufukweni, akaweka gunia la mchanga mabegani, akaendesha moja, kisha nyingine, kisha ya kwanza tena. Watoto wa wavuvi walimfuata wakiimba. Jumapili baada ya ibada alikuja kwangu na suti yake ya kanisani, uso umetulia. Alikuwa ameamua peke yake.

"Yaya Hénoc," aliniambia, maana yaya kwetu ni kaka mkubwa, "nitakamata ya kijani."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti.

"Na matairi kama kidole? Ku muchanga ya Mununga?"

"Mu muchanga nitaisukuma. Nimesukuma maisha yangu yote."

"Na Jeanine juu?"

"Na Jeanine juu."

Alikuwa sahihi. Leo nalisema wazi: ile ya kijani ilikuwa chuma halisi, ingesukumwa, ingefika. Lakini mimi niliona aibu ya kazi. Mtu anachagua baiskeli kwa ajili ya keria, na mimi, fundi wa keria, nimesimama pale? Nikamwambia, mdogo wangu, chukua nyekundu. Keria nitakutengenezea mimi, bure, keria ya kukaa mwanamke kama mke wa gavana. Nikaongea sana. Mimi nikiongea, yeye hunyamaza, na akinyamaza mimi huhesabu kwamba amekubali.

Aliuliza swali moja tu. "Haiwezi kufungwa na mipira, bila moto?"

Sisi hufunga samaki kwa vipande vya tyubu, na vinashika vizuri kuliko kamba.

"Samaki unafunga na mipira," nilimjibu. "Bibi, hapana."

Basi akachukua nyekundu. Jioni ile ile tulitengeneza keria, na kazi ile sitaisahau, kwa sababu sijawahi kufanya nzuri kama ile. Nondo za milimita kumi, pana, na mgongo mdogo wa kuegemea. Kisha akanieleza kuhusu mguu. Mtu mwenye mguu usiokunjika akikaa kwenye baiskeli, mguu unaning'inia mbele na kuburuzika chini. Kwa hiyo ulihitaji mkono wa chuma, utokeze upande wa kulia kwenda mbele, na mwisho wake kisahani cha kupumzisha kisigino. Nilimwuliza urefu. Hakwenda kutafuta kamba. Alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaweka kidole begani, akasema, "Kuanzia hapa," kisha akakiteremsha polepole mpaka kwenye kifundo cha kidole cha kati, "mpaka hapa." Miezi kadhaa hakumwona mke wake, na kipimo alikuwa nacho mkononi.

Jumatatu asubuhi nikawasha moto. Watu walikuwa wamejaa, maana baiskeli ya wazungu haichomwi kila siku. Nikakwangua rangi kwenye vyuma vya nyuma, mahali keria itakaposhika. Chini ya rangi pakawa peupe, pang'aavu. Nikasema moyoni, nikeli. Nikapitisha tupa, nayo ikazama kwa urahisi kuliko inavyozama kwenye chuma. Hapo mkono wangu ulijua. Fundi akishika tupa miaka ishirini, mkono unajua kabla ya kichwa. Siku tatu kabla nilikuwa nimeiinua baiskeli ile kwa vidole viwili na kuwaambia watu, "Chuma ya bazungu." Ningeweza kuzima moto pale, nikasema ngoja kwanza. Lakini Mubanga wa duka la spea alikuwa amesimama mbele kabisa na mikono mfukoni, na sijawahi kumwambia Mubanga kwamba kuna kitu sikijui.

Chuma hukupa taarifa. Kinakuwa chekundu, kinakuwa cha chungwa, kinakuwa cheupe, na wewe unajua umefika wapi. Hii haikusema neno. Ilibaki na rangi yake ile ile, nikasogeza moto, nikasogeza ufito wa shaba, nikingoja uwekundu, na ghafla mfupa wa nyuma wa fremu ukashuka wote kwa mara moja, ukadondoka kwenye mchanga kama uji. Niliruka nyuma. Wa upande wa pili ukapinda kwa uzito wa keria, ukapasuka penye kiungo. Ilikuwa alumini. Kile kitu tunachopikia ugali, kile kile.

Hakuna aliyecheka. Mubanga alitoa mikono mfukoni, akaenda zake.

Evariste alichuchumaa, akatazama lile tone lililoganda mchangani. "Iko namna gani, yaya?" aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya mgonjwa.

Nikasema haitengenezeki.

"Bon," alisema, kama mtu asemaye haya basi.

Tulikimbia kwa Goodson, mimi mbele. Ya kijani haikuwepo. Alikuwa ameiuza alfajiri kwa mfanyabiashara wa samaki, imekwenda juu ya paa la basi la Mansa. Goodson aliumia kweli, alishika kichwa. Lakini alimpa Evariste siku tatu za kuchagua, na Evariste alichagua. Siwezi kumlaumu.

Saa sita mchana Evariste aliondoka kwa miguu. Alibeba kitenge kimoja kipya na mikate miwili. Kama angekwenda kwa miguu siku ile Suzanne alipoleta habari, angekuwa ameshafika. Najua hilo, naye alilijua, na hakuna aliyelitaja. Sikujitolea kwenda naye. Nilisema nina kazi. Ukweli ni kwamba sikuweza kutembea siku nne nikimtazama mgongoni.

Yaliyofuata alinisimulia mwezi wa tano, mara moja tu, akikoroga chai bila kuinywa. Usiku hakulala, alitembea hadi miguu ikavimba, akavuka mito kwa kushika kamba. Alifika kanisani siku ya Ijumaa, saa saba mchana. Malori yalikuwa yameondoka saa nne. Mikeka ilikuwa bado inakusanywa. Katekista alimpa maji akamweleza: mkeo aliketi pale kizingitini toka alfajiri. Alikataa kupanda mpaka wote wapande. Dereva akapiga honi, yeye akamwomba angoje kidogo, na dereva kweli akangoja. Katekista akamwuliza Jeanine, unamngoja nani katika mvua hii?

"Bwana yangu anafikiri polepole," Jeanine alimjibu, "lakini anakuya."

Mwishowe wanaume wawili walimnyanyua.

Evariste akafuata malori. Alifika kambini, upande wa Mporokoso, baada ya wiki mbili. Jina la Jeanine halikuwa kwenye orodha. Waliangalia mara tatu. Mtu mmoja akasema kuna lori lililobeba wagonjwa na walemavu likapelekwa kwingine. Akaenda kwingine. Huko wakamwambia alikuwepo mwanamke mwenye mguu ulionyooka, au labda ni mwingine, akaondoka na kundi la watu wa Moba. Kundi la watu wa Moba hakuna aliyeliona. Hakuna aliyemwambia amekufa. Hakuna aliyemwambia yu hai. Alizunguka mpaka viatu vikaisha, kisha akarudi Kashikishi, kwenye nyumba yenye mlango mpana.

Nilimuundia baiskeli kutoka kwenye vyuma vya zamani nilivyookota huku na huko, na nilivijaribu vyote kwa sumaku, hata vile vilivyojaa kutu. Keria nikamwekea ile ile. Ilikuwa nzima, nondo tupu, ilinusurika bila hata alama. Nilipotaka kuuondoa ule mkono wa mguu, alisema uache. Basi akarudi barabarani na keria ya mkewe.

Ule mkono ulisumbua. Ulitokeza kulia kwenda mbele, ukamgonga yeye mwenyewe pajani, ukakwaruza watu sokoni, ukazuia gunia lisikae sawa, na mzigo wake siku zote ulikuwa umelala kushoto. Alikuwa akibeba magunia matatu pale wenzake wanapobeba manne. Madereva walimpigia honi. Wabeba samaki ni watu wa maneno, hawamwachi mtu, lakini juu ya chuma kile hakuna aliyemtania. Kila alipopita mbele ya karakana nilikitazama kile kisahani cha kisigino kikiwa kitupu, nikajifanya natafuta ufito. Alinisalimia vile vile, "Yaya," bila hasira. Ningependa anitukane. Nilimwambia hivyo siku moja, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema hajapata neno la kunitukania.

Miezi sita ilipita hivyo. Mwezi wa kumi na moja, wiki ya mwisho kabla ya kufunga uvuvi, alisimama mbele ya karakana mchana, baiskeli ikiwa imeinama upande wake ule wa kushoto. Akashusha magunia moja moja, na la nne alilokuwa ameliegemeza kwenye usukani, akayapanga ukutani.

"Kata ile," alisema, akionyesha mkono wa mguu kwa kidevu.

Nikamwuliza kama ana hakika. Nilitaka afikiri. Nilitaka aondoke, azungushe jambo lile kichwani siku tatu kama zile nyanya zake, arudi aniambie tuache kwanza.

"Kata," alisema tena, papo hapo.

Nikawasha moto. Nondo ikawa nyekundu, ikawa ya chungwa, ikawa nyeupe, ikaanguka. Nikalainisha kovu kwa tupa ili lisichane magunia. Alipakia, na mara hii yalikaa manne, sawa pande zote mbili.